Ng'ombe wa Upande Mmoja

Tarehe kumi na nne Novemba, siku ya Jumanne, mto uliingia mtaa wa chini wa Garsen na kuondoka na ng'ombe wanne, simba mmoja, wachezaji mpira wawili, vichwa saba vya wanaume walionyolewa vizuri, friji moja ya soda, na malaika. Hakuna aliyezama. Wote walikuwa wa rangi, juu ya kuta za udongo zilizopigwa plasta nyembamba, na wote walikuwa kazi ya mume wangu. Yeye mwenyewe alikuwa kaburini, kijijini kwao Wema, tangu Februari, mahali palipoinuka, na maji hayakumfikia.

Maji yalikaa wiki mbili. Yalipoondoka, plasta ilikuwa imelainika kama ugali wa jana, ikawa inaanguka vipande vipande. Nilivaa mabuti yake nikazunguka kutazama. Kwa kinyozi nilikuta kidevu kimoja na nusu ya sharubu. Kanisani malaika alibaki na bawa moja, na hilo nalo likaanguka wakati naliangalia. Watu walikuja kunipa pole mara ya pili. Mara ya kwanza walikuja na unga na sukari. Mara hii walikuja mikono mitupu, kwa sababu kila mtu alikuwa amepoteza godoro, na pia hakuna anayejua pole ya picha hutolewa na nini.

Niseme ukweli mapema, maana siku ya mazishi hakuna aliyeusema. Waliposimama mmoja mmoja kumsifu, walisema alikuwa mchoraji hodari. Hakuwa hodari. Alikuwa peke yake. Kutoka hapa mpaka Chara, mtu akitaka picha ukutani, alimwita yeye au alikaa bila picha.

Miguu ndiyo iliyomshinda. Ya mtu, ya mnyama, hata ya meza. Kwa hiyo kila alichokichora alikisimamisha kwenye nyasi. Ng'ombe kwenye nyasi, sawa. Simba kwenye nyasi, sawa. Lakini wachezaji mpira nao nyasi ziliwafika magotini, huwezi kujua mpira uko wapi. Friji ya soda ilisimama porini. Na malaika wa kanisa, aliyekuwa anashuka kutoka mbinguni katikati ya mawingu, alishuka na nyasi zake. Mchungaji alimuuliza, "Ndugu yangu, mbinguni kuna malisho?"

"Mchungaji, wewe umefika ukaona hakuna?"

Mchungaji akaomba tu ziongezwe maua.

Maua hayo niliyapaka mimi. Mume wangu alikuwa anachora mstari wa mkaa, halafu anapita juu yake na rangi nyeusi, halafu anakaa chini kuvuta sigara. Mimi ndiye niliyejaza rangi. Nyasi zote za Garsen nimezipaka mimi. Sikuwahi kumwambia mtu, na yeye hakuwahi kuwaambia watu. Hatukuona kuwa ni jambo la kusemwa, kama vile mtu hasemi nani aliyekuna nazi.

Shule sikwenda mbali, niliishia darasa la saba. Yeye aliishia la nne. Lakini alikuwa na sanduku la vitabu vya zamani vya shule ya msingi, vilivyotupwa na walimu, na alivijua kuliko walimu. Maneno hakuyasoma. Alisoma picha. Waliozichora hatukuwajua majina, kwa hiyo aliwajua kwa makosa yao. Alikuwa analala juu ya mkeka mchana, kitabu usoni, akiwasema kama watu wa kwaya wanavyosemana.

"Huyu ni yule wa vidole vinene. Amehama, siku hizi anachora kwenye vitabu vya kilimo."

"Umejuaje?"

"Tazama jembe limeshikwa na ndizi."

Mwingine alikuwa hawezi mikono kabisa, kwa hiyo walimu wake wote walisimama wamefunga mikono nyuma kama wafungwa. Mwingine alijua sura moja tu duniani. Akiivisha kofia ni chifu, akiivisha kitambaa ni nyanya, akiivua ni mwanafunzi, na katika ukurasa mmoja chifu, nyanya na mwanafunzi walikuwa wanasalimiana, mtu mmoja anajisalimia mara tatu. Mume wangu alimpenda huyo kuliko wote. Alisema, "Anayechora vizuri humjui. Ukimwona anakosea, basi umeshamjua, hata ukikutana naye Malindi utamjua."

Binti yetu ndiye aliyetuletea wachoraji wa aina nyingine. Anafanya kazi Mombasa kwenye kampuni ndogo inayotengeneza gemu za simu. Desemba moja kabla baba yake hajaugua, alikuja likizo na kompyuta yake, akaiweka juu ya benchi, akamwambia, "Baba, njoo uone wenzako."

Gemu ya kwanza ilikuwa inang'aa. Watu, mawe, farasi, wote kama wamepakwa mafuta ya kupikia. Unaweza kuhesabu nywele za mtu. Akakimbia mtu mmoja mwenye upanga, akapanda mlima, akaruka.

"Mbona hatoki jasho?" mume wangu akauliza.

"Baba, hii imechorwa na watu wengi. Kuna mmoja kazi yake ni mawe tu."

"Mwaka mzima anachora mawe?"

"Mwaka mzima."

"Mkewe anajua?"

Gemu ya pili watu wake walikuwa wa mraba, kama waliofyatuliwa na kibao cha matofali. Hapo akacheka. "Huyu miguu ilimshinda kama mimi. Akaona isiwe shida, akaikata kwa msumeno."

Ya tatu ilikuwa na mistari myeusi minene na rangi bapa zisizong'aa. Hapo hakucheka. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akasema pole pole, "Huyu ametoka ukutani." Binti akamweleza kwamba huyo mchoraji ni mtu mkubwa, watu wanamjua dunia nzima. "Sawa," akasema, "lakini ametoka ukutani. Mwambie nyasi zake ni nzuri."

Nilikuwa nachambua mchele pembeni. Nilisikia.

Halafu binti akagusa kidude, na yule mtu wa kwenye gemu akazunguka, akatugeuzia mgongo. Mume wangu akashtuka kabisa, akarudi nyuma. "Kumbe ana kisogo!" Aliomba azungushwe tena na tena. Miaka yote hiyo hakuwa amewaza kwamba picha inaweza kuwa na nyuma. Usiku huo wakati wa kula alikuwa bado analisema jambo hilo, kwamba wale watu wa mistari minene wanachora na upande ambao hakuna anayeuona, na nani amewaambia huko kuna nini.

Alipokufa tulihitaji picha ya kijitabu cha mazishi. Hatukuwa na nzuri. Mtu wa studio akachukua ile ya kitambulisho, akaisafisha kwa kompyuta, akaondoa kovu la shavuni, akamvika suti na tai. Bibi mmoja aliyefika kutoka Chara alitazama kijitabu, akamuuliza jirani yake, "Na huyu mwingine ni nani aliyekufa?" Nilicheka. Nililia baadaye, lakini pale nilicheka, na mashemeji waliniangalia vibaya. Alikuwa amefanana kabisa na wale wasiotoka jasho.

Sasa turudi kwenye mafuriko. Wiki ya pili ya Desemba, Jumatano asubuhi, binti akanipigia. Kampuni yake ilikuwa inatengeneza gemu ya wachungaji wanaovusha ng'ombe mtoni, na yeye alikuwa amepewa kumtengeneza ng'ombe. Ilibidi awaonyeshe wakubwa wake Jumatatu.

"Mama, nataka awe ng'ombe wa Baba."

"Wamekwenda na maji."

"Wote?"

"Amebaki wa bucha."

Bucha iko juu barabarani na ukuta wake ni wa mawe na saruji. Maji yalimfika yule ng'ombe tumboni tu, yakaacha mstari wa tope.

"Kwani wewe huna picha za kazi zake?" nikamuuliza. "Simu yako siku zote iko mkononi."

Akasema kwamba alipokuwa sekondari, wenzake walikuwa wakipita sokoni wakiicheka ile friji ya porini, na yeye aliwaambia aliyeichora ni jirani. Hakuwahi kupiga picha hata moja. Sikumwambia kwamba si kitu, kwa sababu ni kitu. Nilimwambia naenda bucha.

Mwenye bucha ni Muorma, mtu mzima, na alikuwa rafiki wa mume wangu kwa namna ya watu wanaotukanana kila siku. Wao watu wa ng'ombe na sisi watu wa mashamba tumegombania huu mto vya kutosha, lakini wale wawili waligombania nundu. Ng'ombe wa bucha mume wangu alimwiga kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga. Alipomaliza, mwenye bucha alitoka nje, akaangalia, akasema, "Hii punda. Nundu iko wapi?" Siku ya pili mume wangu akarudi kuongeza nundu, lakini mahali pake alikuwa ameshaandika NYAMA. Akaisogeza mbele. Basi yule ng'ombe nundu yake ilikaa shingoni, karibu na masikio, kama amevaa mzigo. Watu walikuja kumcheka, na wakishacheka wanaona haya kuondoka bila nyama. Ndiyo maana hakufutwa.

Nilipofika nikamkuta ananoa kisu.

"Shemeji, umekuja kuaga?"

"Kumuaga nani?"

Akanionyesha ukuta kwa kisu. Afisa wa afya alikuwa amepita. Baada ya mafuriko, kila bucha ipakwe nyeupe ndani na nje kabla ya Ijumaa, la sivyo inafungwa. Ndoo ya rangi ilikuwa hapo mlangoni.

"Nataka kupiga picha kwanza," nikasema.

"Piga. Huyu hawezi kukimbia, hana miguu."

Nikapiga, nikatuma. Binti akapiga simu mara moja. "Mama, asante. Sasa nitumie upande wa pili."

"Upande wa pili ni ukuta."

"Mama, nahitaji upande wa pili, na mbele, na nyuma. Kwenye gemu mchezaji anamzunguka."

Nikamweleza mwenye bucha. Akaweka kisu chini, akatoka, akazunguka jengo zima, akarudi. "Nimeangalia huko nyuma. Kuna mbuzi amelala tu."

Halafu akawa mtu mwema, akasema ana ng'ombe mweupe ng'ambo ya barabara, mkubwa, nundu yake iko mahali pake, nimpige picha pande zote mpaka nichoke. Nikamwambia binti. Akakataa. "Sitaki ng'ombe, Mama. Ng'ombe wapo tele. Mwenzangu ofisini amechora mmoja, kila unywele uko mahali pake, na kope ndefu kama bibi harusi. Nataka vile Baba angemchora."

"Baba yako hakuuchora upande huo."

"Wewe ulikuwa unamwangalia akichora. Jaribu."

Nikaomba kalenda ya mwaka uliopita, ile kubwa ya ukutani, nikaigeuza. Nikachukua mkaa kwenye jiko la chai. Nikakaa kwenye benchi la wateja, jua la saa sita kichwani, mwenye bucha amesimama nyuma yangu na aproni yake ya damu.

Wa kwanza alitoka vizuri. Hilo ndilo lililokuwa baya. Nundu niliiweka mahali pake bila kufikiri, kwa sababu nimeishi na ng'ombe machoni tangu nizaliwe. Mwenye bucha akasema, "Huyu naweza kununua." Nikamweka kando, nikachukua karatasi nyingine ya kalenda.

Wa pili nilikosea kwa makusudi. Nundu nikaipeleka shingoni, jicho nikalifanya kubwa. Nikaona namdhihaki marehemu. Mume wangu hakuwahi kukosea kwa makusudi hata siku moja. Kila alipokosea alikuwa anajitahidi sana. Nilikaa pale nikajaribu kukumbuka alikuwa anashika vipi mkaa, alianza na pembe au na mgongo, na nikagundua sijui. Miaka ishirini na mbili nilikuwa nasubiri amalize ili nijaze rangi. Nilikuwa naangalia ukuta. Mkono wake sikuuangalia. Hapo ndipo machozi yalipotoka, na mwenye bucha akaenda kuhesabu ndoano zake ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa.

Wa tatu nilianza na nyasi. Nyasi nazijua. Nilipofika kwenye nyasi za juu, mwili wa ng'ombe ukaja wenyewe nyuma yake, si mzuri, si mbaya. Nikatuma.

"Mama, ni mzuri. Lakini miguu?"

"Iko kwenye nyasi."

"Lazima atembee. Anavuka mto."

Basi nikafuta nyasi kwa kidole, nikachora miguu minne ambayo mume wangu hakuwahi kuichora mahali popote. Ilitoka minene, magoti yamejaa, kwato zimekanyaga kama za mtu anayerudi na ndoo kichwani. Mwenye bucha akainama akaangalia. Akaangalia chini ya benchi. Akaangalia karatasi tena.

"Shemeji, hii miguu ni yako."

"Mimi mjane, wewe unaangalia miguu yangu?"

"Naangalia ng'ombe."

Nilimpigia binti kabla ya kutuma. Nilimwambia, "Upande huu si wa baba yako. Nimejaribu, nimeshindwa, ni wangu. Usije ukawaambia watu ni wa baba yako."

"Sawa, Mama."

"Na nyasi za ukutani zote zilikuwa zangu. Za malaika pia."



"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuuliza."

"Gemu ile ya mistari, siku ile, Baba aliposema nyasi ni nzuri..."

"Nilikuwepo. Nilikuwa nachambua mchele."

Alhamisi mwenye bucha akaanza kupaka ukuta. Nilikwenda kwa sababu nisingeweza kukaa nyumbani nikijua. Alianzia mkiani. Nilikaa kwenye benchi nikavumilia mpaka alipofika tumboni, lakini yule mtu alikuwa anapaka kama anayefukuza nzi. Rangi inachuruzika, michirizi, hapa nene, pale hamna. Nikasimama nikamnyang'anya brashi.

"Toa. Utamwaibisha."

Nikampaka mwenyewe, juu kwenda chini, pole pole, kama tulivyokuwa tunafanya. Mkono wa kwanza wa rangi ulipokauka, nundu ilikuwa bado inaonekana, maana rangi yake ilikuwa ya mafuta, nene, na ilipakwa juu ya rangi ya shingo. Mwenye bucha akasema tuiache, afisa hataangalia juu huko. Nikamwambia kazi ya nusu sipendi. Nikapaka mkono wa pili, na kwenye nundu wa tatu. Alinipa maini nikayakataa, akanifungia maini hayo hayo nikayachukua.

Jumatatu jioni binti alituma kiungo kwenye simu, akasema bado haijakuwa gemu, ni ng'ombe tu, na ukimgusa anazunguka. Mkubwa wake alisema nundu iko mahali pabaya. Yeye alijibu kwamba ndivyo alivyo. Wakabishana, na wakayaacha hapo hapo. Hajui kama itabaki. Kampuni yenyewe hajui kama itafika mwaka ujao. Nasema hivi ili mtu asidhani kuna gemu ya kwenda kuitafuta.

Jumanne asubuhi nilimpelekea mwenye bucha akaone. Alishika simu kwa mikono miwili. Upande wa kushoto ulikuwa wa mume wangu, mstari mweusi mnene, nundu shingoni. Akamzungusha, ukaja upande wangu na miguu yangu. Akamrudisha. Akamzungusha tena, mara nyingi. Halafu mwanamke mmoja akaja akataka nusu kilo na mfupa wa supu, na akasema mfupa uwe na kitu, si mfupa wa kuangalia. Mwenye bucha akanirudishia simu, kioo kimejaa mafuta ya nyama. Nikakifuta kwa leso, na kila nilipofuta, ng'ombe alikuwa anazunguka.